Kijana Aliyemzidi Dada Yake Umri

Dan aliingia Brussels mwaka 2009 akiwa na miaka kumi na sita, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili lilikuwa urefu: alipita milangoni akiinamisha kichwa, na ndevu zilikuwa zimeanza kumwota. Mtoto anayekimbia vita vya Kivu anatakiwa afike akiwa mfupi.

Alikuja na dada yake Ornella, wa miaka kumi na tisa. Ornella aliposema yeye ni mtu mzima, aliaminiwa palepale. Dan aliposema ni mtoto, akapelekwa hospitali. Nchi hii inawapenda watoto mno, ndiyo maana huwachunguza kwanza.

Wakampiga eksirei: meno, kifundo cha mkono, mfupa wa bega. Daktari, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani, alimwita "mon petit", yaani mdogo wangu, na kumwambia asiogope, sayansi haina ubaguzi. Kisha sayansi ikalinganisha mifupa yake na ya watoto wasiowahi kuiona Bukavu, ikatamka: miaka ishirini na ushei.

"Donc, miye ni mukubwa ya Ornella?" Dan akauliza.

"Mifupa haidanganyi, monsieur," akajibu daktari.

Jioni walimpigia simu mama yao, Bukavu.

"Wakati nilikuzala, Ornella alikuwa anatembea tayari," mama akasema. "Ao huyo docteur alikuwa mu chumba na miye?"

"Maman, banasema ni science."

"Alors, uulize hiyo science kama njo ilikunyonyesha."

Hakuna aliyemuuliza mama. Dan akatolewa kituo cha watoto, akapangiwa chumba na wanaume watano waliokoroma kwa zamu. Shule nayo ikaishia hapo, kwani mtu mzima anasoma nini? Wakili wake alipopinga, hakimu alieleza kwa heshima kubwa kwamba kipimo kinaweza kukosea, ila kwa Dan hakikukosea. Dan alijifungia chooni akalia, maana watu wazima hawalii hadharani.

Karatasi za kukaa zilipatikana miaka minne baadaye, zikiwa na umri aliopewa na daktari. Alimaliza masomo ya jioni, akapata kazi ya kuhudumia wazee. Anaishi mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa moja juu ya Ornella. Kisheria, yeye ndiye kaka mkubwa.

"Dan!" Ornella huita kutoka ngazini kila Jumamosi, kwa Kiswahili cha Bukavu ambamo kuuza ni kununua. "Shuka, wende kuuza mukate!"

Kaka mkubwa huvaa viatu, akashuka kwenda kuununua.