Jinsi Nilivyowaombea Wasichana wa Poland Wafike Namba Moja

Majina huwa hayanitoki. Shule niliishia darasa la tatu, kule Uvira, na hesabu zilinishinda kabisa, lakini ukinitajia leo jina lako na la mama yako, miaka ishirini ikipita nitakuamkia kwa yote mawili. Sijui nimelipata wapi jambo hili. Mjukuu wangu, anayeniita Koko, yaani bibi, na kunisahihisha ninapoandika, amenipa sharti moja tu: "Koko, usiandike jina la mtu. Hata moja." Kwa hiyo mnisamehe. Yote ninayo, yamejaa mdomoni, nami nimefunga mdomo.

Kanisa letu liko mjini Durban, ghorofa ya pili, juu ya saluni na maduka ya simu. Jumatano saa kumi akina mama tunakutana kuombeana. Zamani mtu alikuwa anasimama na kueleza shida yake yote mbele ya wenzake, na kabla hajashuka ngazi shida hiyo ilikuwa imeshashuka, imevuka robot, zile taa za barabarani, imefika sokoni. Ndipo nikaleta desturi yangu. Mwenye haja ananijia pembeni, ananipa jina na mahali, basi. Fulani, Goma. Fulani, Chatsworth. Shida yenyewe inabaki kati yake na Mungu. Mimi nasimama mbele nayataja bila karatasi, na wenzangu wanaitika kila mara, "Umkumbuke, Bwana." Kuna Jumatano yalifika themanini na mawili, na sikuruka hata moja.

Nilikuwa najisikia, tena sana. Nilikuwa nafumba macho wakati wa kuyataja, na hakukuwa na haja yoyote ya kufumba, ila niliona inapendeza.

Lazima mwelewe kwamba kazi nyingine sikuwa nayo. Binti yangu anafanya kazi kiwandani Pinetown, anaondoka asubuhi sana na taxi na kurudi akiwa amechoka. Nyumbani mimi ni mtu wa kuambiwa, "Kaa, Mama, pumzika." Jumatano tu ndiyo nilikuwa mtu wa kutegemewa. Ndiyo sababu sikumpenda yule dada wa Bujumbura alipojiunga nasi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana kibanda cha kutengeneza simu, mpole, anasalimia vizuri, hana kosa. Kosa lake ni kwamba siku moja baada ya maombi aliniambia, "Mama, haya majina tungeyaweka kwenye simu. Siku ukiumwa je?"

"Siumwi," nikamjibu, na vidonge vya presha vilikuwa kwenye pochi yangu wakati huohuo.

Sasa nije kwa mjukuu. Ana miaka kumi na mitatu. Mwaka jana alininyamazia ghafla. Alikuwa mtoto wa kuniambia kila kitu, akawa mtoto wa kujibu "sawa" na "hapana". Halafu mama yake akamletea redio ya zamani ya kuchezea CD, na mjukuu akanunua barabarani CD moja iliyochunikachunika, ya wasichana wawili. Picha yao ilikuwa juu ya kasha: watoto wa umri wake, nywele zimesimama kama wametoka kugombana na mto.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Wa Poland, Koko. Hii ni albamu yao ya kwanza."

"Poland ndiyo wapi?"

"Ulaya. Iko baridi sana."

"Na mama zao wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kwamba wamevaa hivyo."

Akacheka. Alikuwa hajacheka nami miezi mitatu. Pale pale nikaamua kuwapenda hao wasichana, wavae watakavyo. Muziki wenyewe ulikuwa makelele: ngoma, gitaa lenye hasira, na watoto wawili wanaomfokea mtu nisiyemjua. Lakini baada ya wiki mbili nikajikuta natwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mdundo wao, na jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Kila Jumanne akitoka shule, mjukuu alifungua kwenye simu ukurasa ambao wapenzi wa hao wasichana wameandika habari zao, akanisomea kidogo. "Wameingia kwenye chati, Koko."

"Chati ni nini?"

"Ni kama foleni. Albamu inayonunuliwa zaidi inasimama mbele. Wao bado wako nyuma."

Foleni ninaijua. Nimesimama foleni za makaratasi katika nchi tatu, na sijawahi kuona aliye nyuma akifika mbele kwa uzuri wake. Niliwahurumia. Watoto wa miaka kumi na mitatu, baridi kali, na watu wazima wote wa Poland wamesimama mbele yao! Nikamwambia anitajie majina yao. Alinitajia mara moja, na mpaka leo ninayatamka vizuri kuliko yeye.

Jumatano ile, nilipomaliza orodha yangu, nikaongeza mwishoni: fulani na fulani, Poland. Akina mama wakaitika, "Uwakumbuke, Bwana."

Hakuna aliyeuliza, maana desturi niliiweka mimi mwenyewe. Nami sikusema uongo hata mara moja, hilo nalitaka lieleweke. Nilinyamaza tu. Kila Jumanne mjukuu ananiambia wamefika wapi, na kila Jumatano mimi nawapeleka mbele za Mungu. Wakapanda. Wiki moja wakateleza kidogo, nikajilaumu kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeyataja majina yao kwa haraka, nikiwahi taxi. Jumatano iliyofuata niliyataja polepole, mara mbili mbili, nikiwa nimefumba macho mpaka yanauma.

Wenzangu wakaona uso wangu, wakapiga hesabu zao. Watoto wawili wa mama huyu wako Ulaya peke yao, wanahangaika. Mama mmoja, mnene, mwenye sauti ya kufungua milango, alinishika mkono kwenye ngazi akasema, "Nimewafungia siku tatu, mama yangu. Maji tu." Mwingine alinijia na sweta mbili alizofuma kwa mkono, moja ya kijani na moja nyekundu. "Huko kuna baridi. Utawatumia."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini sweta zilikuwa nzuri na mama yule alikuwa anatabasamu, na ningeanzaje? Nikasema, "Mungu akubariki," nikaziweka kwenye mfuko, nikaenda nazo nyumbani, nikazificha chini ya godoro kama mwizi.

Jumanne moja mjukuu akaruka kitini. "Koko! Namba moja! Wamefika namba moja!" Nilicheza. Mimi na presha yangu, mchi mkononi, nikazunguka jikoni mpaka jirani akapanda mwenyewe kutazama. "Hau, Gogo! Kwenzenjani?" akauliza, yaani bibi, kuna nini. Nikamwambia kwa Kizulu changu kibovu kwamba watoto wangu wameshinda. Akanipongeza.

Kama ningeishia jikoni, nisingekuwa na la kuandika. Lakini Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, na miguu ikasimama kabla yangu.

"Wale mabinti wawili wa Poland," nikasema, "ambao mmewaombea miezi yote hii, wamefika namba moja!"

Vigelegele! Yule mama aliyefunga siku tatu alilia. Mchungaji akauliza kwa furaha, "Namba moja darasani?"

"Nchi nzima, Pasta."

"Haleluya!"

Nikakaa. Nilitazama upande wa dada wa Bujumbura nione kama naye amefurahi. Alikuwa ameinamia simu yake.

Baada ya ibada alinivuta pembeni, kwenye ngazi. "Mama, samahani. Nilitaka niwaone, niwapongeze, ndiyo nikatafuta yale majina. Ni hawa?" Kwenye simu kulikuwa na wanawake wawili wazima, kila mmoja na picha yake, watu wa kwenda kazini. Nikasema si hao, wangu ni watoto. Akateremsha kwa kidole, zikatokea zile nywele zilizogombana na mto.

"Ni haohao, Mama. Hii albamu ilitoka nikiwa shule ya msingi. Namba moja waliipata kitambo. Sasa ni watu wakubwa kama mimi."

Nilishika chuma cha ngazi. "Umemwambia nani?"

"Simu yangu haina mdomo, Mama." Akanisaidia kushuka.

Ningependa aniseme. Ningependa acheke, nipate sababu ya kumchukia vizuri.

Nilifika nyumbani na maneno yangu tayari. "Umenidanganya!" nikamwambia mjukuu.

"Mimi? Lini?"

"Unaniambia wameingia, wamepanda, kumbe ni mambo ya kabla hujazaliwa!"

"Koko, nilikuwa nakusimulia! Kama filamu. Mtu akisimulia filamu anasema sasa anaingia, sasa anapiga. Na hii CD imechunika hivi, ulidhani imetoka jana?" Halafu akanitazama. "Lakini kwa nini umekasirika?"

Ikabidi nimwambie. Nilipofika kwenye sweta alianguka kitandani. "Eish, Koko! Uliwapeleka kanisani?" Alicheka mpaka akashika tumbo, nami nilikuwa nimesimama na kofia yangu ya ibada kichwani, sijui niivue au niiache.

Siku tatu nilitafuta njia ya kutosema. Nilijaribu hata mafundisho ya dini. Nilimwambia mjukuu kwamba labda Mungu, kwa kuwa anajua yote, alijua tangu zamani kwamba nitaomba, akawapandisha mapema ili asichelewe. Akafikiri. Akasema, "Koko, hapana."

Niliogopa nini hasa? Kucheka watacheka, nimeshachekwa na watu wengi. Niliogopa kwamba Jumatano nitakaposimama kutaja jina la mtoto wa mtu aliyelazwa hospitali, mama yake atajiuliza kama lile linalofuata ni la mgonjwa au la mwanamuziki. Wakishajiuliza hivyo, kazi yangu imekwisha, iwe nimesema au sijasema. Na dada wa Bujumbura angekuwa anakaa mstari wa pili akijua. Afadhali watu wote wajue kuliko mmoja mwenye huruma.

Jumatano nikabeba zile sweta. Kabla ya kutaja jina lolote nikasimama na kueleza: CD, chati, mchi, yote. Kisha mama aliyefunga akasema kwa ile sauti yake, "Siku tatu! Nimekula hewa siku tatu kwa ajili ya wanamuziki?"

"Na walishafika," mwingine akasema.

"Walishafika kabla sijaanza kufunga!"

Basi, chumba kizima kikapasuka. Mke wa mchungaji, ambaye hacheki hovyo, alifunika uso kwa kitenge. Mfumaji alipokea sweta zake, akazikunjua, akazitazama, akasema, "Mimi nilijiuliza mbona huniombi vipimo vyao."

Walipotulia nikasema neno nililolipanga. Nikasema mtu aliyefanya hivi hafai kushika majina ya watu, kwa hiyo nayaachia. Halafu nikatua kidogo, ili wapate nafasi ya kukataa.

"Asante, Mama," mke wa mchungaji akasema. "Umetumika vizuri. Sasa pumzika."

Hivyo tu! Hata kikohozi cha mtu wa kusitasita sikukisikia. Dada wa Bujumbura alikuwa ameshatoa simu. Akaja kukaa miguuni pangu, nikamtajia yote, moja moja, mahali na mahali, naye anaandika kwa vidole viwili. Kwenye jina la arobaini aliniomba nipunguze kasi. Hilo lilinifariji.

Jumatano iliyofuata nilikaa mstari wa nyuma, mikono haijui pa kwenda. Alisimama, akasoma bila kufumba macho. Alisoma vizuri. Majina mawili aliyakosea kidogo, nikayasahihisha moyoni. Nikaitika na wenzangu kila moja, "Umkumbuke, Bwana," kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, maana aliye mbele haitiki.

Akafika mwisho. Akasoma jina langu. Jina langu lote, na la baba yangu, vile lilivyoandikwa kwenye karatasi zangu, kisha akasema, "Durban."

"Umkumbuke, Bwana," wakaitika.

Mimi sikuitika. Miaka yote ile sikuwahi kujitaja, na hakuna aliyewahi kunitaja. Nikageuka kutazama nani kati yao amenipeleka. Wote walikuwa wameinamisha vichwa.

Maombi yalipokwisha nilimfuata yule dada mpaka kwenye ngazi. "Nani amekupa jina langu?"

"Mama, unajua siwezi kusema."

"Basi niambie ni kwa shida gani. Ni presha? Ni kiburi?"

Akacheka, akanishika kiwiko tushuke. "Mimi nimepewa jina na mahali tu."

Wiki nzima nilijikagua kama mtu aliyepoteza funguo. Nilimuuliza binti yangu nina shida gani, akaniambia nikae nipumzike. Nilimuuliza mjukuu, akaanza kuhesabu kwa vidole, nikamwambia aache. Jumatano ilipofika niliwahi kabla ya mlango kufunguliwa, nikapita mstari wa nyuma, nikakaa wa kwanza kabisa, nisikie kama bado nimo.