Besi Aliyoondoka Nayo

Mume wangu alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya. Watu wanaodhani mtunzi hukaa mezani akisubiri maneno matakatifu hawajawahi kuishi na mmoja. Wa kwangu alitunga akipalilia maharage. Alisimama katikati ya matuta, jembe begani, akarudia kipande kimoja mpaka nikakereka, halafu akaniita niache kazi nije nishike alto.

"Shika hapo hapo, usiteremke."

Nikishika, naye anaingia chini yangu na besi, macho kayafumba, magugu yanatutazama. Shamba letu la Tumati halikuwahi kuvuna kama la jirani, na sababu naijua mimi.

Jioni alikaa jikoni, akaandika alichokipata kwa nota za do-re-mi: mstari wa soprano, wa alto, wa teno. Mstari wa nne aliuacha mtupu. Mwanzoni nilidhani amechoka, nikamuuliza besi iko wapi.

"Besi si ninayo mwenyewe?"

Na kweli alikuwa nayo. Wanaume wengine wa besi walisimama nyuma yake kanisani, wakamsikiliza anakoelekea, wakamfuata. Hakuna aliyeona kasoro katika utaratibu huo. Ndivyo kwaya yetu ilivyoimba tangu nikiwa msichana, na nyimbo zilitoka nzuri, watu wakatoka ibadani wakiziimba njiani.

Kasoro ilikuwa kwenye kifua chake. Ujanani aliangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe, na tangu hapo pumzi ilimwishia mapema. Katika wimbo wake wa mavuno, ambao mimi niliupenda kuliko yote, kuna mstari mrefu unaoishia na neno tunakushukuru. Yeye hakuwahi kulifikisha. Aliimba "tunaku", akavuta pumzi, ndipo akamalizia "shukuru". Nilimgombeza sana.

"Unamkatia Mungu neno!"

"Mungu anakijua kifua alichonipa," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki msimu wa baridi, wakati ukungu wa Mbulu hauondoki mpaka saa nne. Makaburini kwaya ilisimama kuimba wimbo wa mavuno, kwa sababu nani angethubutu kuimba mwingine. Soprano wakaanza, sisi alto tukaingia, teno wakaingia. Ilipofika zamu ya besi wanaume wakatazamana. Mmoja alijaribu kwenda juu, mwenzake akashuka, kisha wote wakanyamaza wakatazama viatu vyao. Tulimzika kwa sauti tatu.

Niseme wazi kilichoniuma, maana watu waliokuja kunipa pole walidhani ninalilia kila kitu. Nilijua kuishi bila mkono wake shambani. Nilichokosa ni ile sauti ya chini niliyokuwa naisikia begani kabla haijafika sikioni. Niliitamani mchana kweupe, nikikamua ng'ombe, nikichagua mbegu. Niliomba simu za wanakwaya wote, nikasikiliza kila wimbo waliokuwa wameurekodi. Simu ni kitu cha ajabu. Soprano zinapasua spika, mtoto analia vizuri kabisa, mbwa wa mzee wa kanisa anasikika akibweka, lakini besi haipo.

Mwalimu wetu mpya wa kwaya, kijana aliyesomea muziki, alinionea huruma akaandika besi yake mwenyewe. Ilikuwa sahihi. Kila nota ilikuwa mahali pake, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Tulipoiimba alinisimamisha.

"Mama, unashuka."

"Mwalimu, sina pa kukanyaga."

Hakunielewa, nami sikuwa na subira ya kumweleza. Tangu siku ile, wimbo wa mavuno ukitajwa, nilikumbuka kwamba kuna kitu nimesahau nje, nikatoka.

Ndipo tukaalikwa Gendabi, kule Hanang, kwenye sherehe ya mavuno ya kwaya za huko. Sikutaka kwenda. Gendabi nilikuwa na ugomvi nayo wa zamani. Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu walimwomba mume wangu akawafundishe kuimba, akakaa huko kiangazi kizima akaniacha na mtoto mchanga na hasira. Lakini wenzangu walinishika mkono wakaniingiza kwenye basi la Costa, na nikateremka Gendabi nikiwa nimenuna, mlima Hanang umejifunika wingu hadi kiunoni.

Wenyeji waliimba kwanza. Soprano zao zilipoanza nikaujua wimbo wa mavuno, nikainuka nitoke kama kawaida yangu. Nilikuwa nimefika mlangoni besi ilipoingia.

Ilikuwa yenyewe. Ilishuka pale aliposhuka, ikasubiri pale aliposubiri. Walioiimba ni wazee wakulima na wafugaji waliokaa safu ya nyuma, makoti mazito mabegani. Wakaufikia ule mstari mrefu, wakaimba "tunaku", wakavuta pumzi wote kwa pamoja, wanaume wazima wenye vifua vizima, ndipo wakamalizia "shukuru". Nilishika mwimo wa mlango. Nililia pale pale mbele za watu, wala sikuona haya.

Baada ya ibada nilimfuata mzee aliyekuwa akiongoza ile safu. Alijua mimi ni nani, akanipa pole, kisha akaanza kujitetea.

"Mama, utusamehe pale tunapokata neno. Wageni hutucheka. Lakini ndivyo alivyotufundisha."

"Na mliwezaje kuishika hivyo bila kuandikiwa?"

"Alituambia, nikirudi kwangu mtamfuata nani? Akatuimbisha mmoja mmoja, asubuhi mpaka jua kali, mpaka kila mtu akawa nayo."

Gendabi walijua ataondoka, wakajifunza. Sisi wa nyumbani hatukujua.

Mwalimu wetu alikaa na wale wazee chini ya ukuta wa kanisa, akiwaomba warudie, akiandika. Mstari wa nne ukajaa polepole mbele ya macho yangu. Alipomaliza alinionyesha.

"Hapa, mama, pumzi nimeihamishia mwisho wa neno. Ndiyo kanuni."

"Irudishe."

"Lakini mama, neno linakatika."

"Mwalimu, irudishe ilipokuwa."

Aliniangalia, akafuta, akairudisha.

Kabla ya chakula wenyeji wakaomba kwaya zote mbili ziimbe pamoja. Nikasimama na alto, wale wazee nyuma yangu. Besi ilipoingia niliisikia begani kwanza, nikashika sauti yangu, sikuteremka. Tukafika kwenye neno lile. Alto huwa tunalipitisha moja kwa moja, pumzi inatutosha. Siku hiyo mimi niliimba "tunaku", nikanyamaza, nikavuta pumzi pamoja naye.