Mikono ya Fonsi

Harufu ya samaki wa kubanikwa ikinipitia sokoni, kabla hata sijauliza bei, namkumbuka mdogo wangu Fonsi. Miaka ile ya hamsini mji wetu ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Tuliishi kando ya maporomoko ya maji, na moshi wa samaki ulituganda nguoni hata tulipokwenda misa.

Fonsi alikuwa na miaka sita na hajasema neno. Hakumtazama mtu usoni. Akitaka kitu, alinishika mkono, akanivuta, akaweka kiganja changu juu ya kitu hicho: mtungi wa maji, sufuria ya ndizi, na siku moja, niwaambieni, ndevu za katekista. Nilicheka mpaka nikachapwa.

Papa, baba yetu, hakupendezwa. Alikuwa mvuvi wa mitego kwenye maporomoko, ambako maji hunguruma hata humsikii aliye karibu nawe. Pale wavuvi walisemezana kwa mikono: vuta, legeza, jihadhari, njoo tule. Papa alisifiwa kwa hilo. Ishara zake zilieleweka toka ng'ambo. Lakini nyumbani alitaka mdomo.

"Ni wewe unamuharibu," aliniambia. "Kinywa yake imekuwa muvivu. Akitaka maji, aseme maji."

Basi akachukua kamba ya mtego, akamfunga Fonsi mikono nyuma, mbele ya mtungi.

"Papa, iko na kiu," nilimsihi.

"Bon, basi aseme."

Mama aligeukia ukuta. Naye alitamani kuitwa mama walau mara moja. Fonsi hakulia. Alijitikisa mbele na nyuma, midomo imemkauka, mpaka jioni Mama aliposhindwa kuvumilia akaikata kamba.

Tangu hapo Fonsi hakumshika mtu mkono tena. Papa alisema afadhali, ameacha kututuma kama chifu. Nilimchukia kwa maneno hayo, na hasira ile haijaniisha.

Mvua zilipoanza, Fonsi alishikwa na homa. Papa alipiga magoti kando ya mkeka, akarudia, "Mwana yangu, inauma wapi? Onyesha Papa tu." Nami nilisogeza mkono wangu mpaka ukagusa vidole vya Fonsi. Havikufunguka. Tulimzika bila kujua kilichomuua.

Nilikua nikiamini kwamba mdogo wangu hakujua kusema. Nilikuwa nimekwisha kuzaa wanangu mwenyewe nilipoelewa kwamba alisema kila siku, kwa lugha ya Papa, na Papa ndiye aliyemnyamazisha.