Termosi Niliyoipeleka Mudaka

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, simu sikioni, akisubiri jibu langu.

"Papa, ule maman wa tiba anasema nafasi iko. Unaweza kuanza maandalizi hii juma, ao ungoje wengine wamalize. Nimuambie nini?"

Nilipaswa kusema nitangoja. Nilijua kwamba kule kijijini kwetu Mudaka kaka yangu mkubwa alikuwa ameshafukia ndizi shimoni ziive. Zilikuwa ndizi za kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kasiksi hiyo tulikuwa tuinywe yeye na mimi ili tumalize ugomvi wa miaka mingi. Alikuwa amenipigia mwenyewe kunialika. Lakini magoti yalikuwa yananiuma, tumbo lilijaa gesi kila nilipokula, na nilikuwa nimechoka kuwa mzee wa kulalamika ndani ya nyumba ya binti yangu. Nikasema, "Muambie ninaanza."

Maman huyo alikuwa mwanamke wa hapa Bukavu aliyeishi India na mumewe kwa muda mrefu. Huko alijifunza tiba ya Ayurveda, na aliporudi akaanza kupokea watu nyumbani kwake Nguba, katika chumba kinachotazama ziwa. Alinieleza kwamba tiba yenyewe, ile ya kusafisha mwili, ni fupi. Kazi kubwa iko mbele yake, katika kuutayarisha mwili na akili.

"Uchafu umeshikana ndani, papa," alisema. "Kwanza tuulainishe. Tukiusukuma vile uko mukavu, utakuumiza."

Basi nikaacha nyama, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, kahawa, sukari, bia na kila kitu cha baridi. Nilikula wali laini uliopikwa pamoja na choroko, tangawizi na manjano. Asubuhi, kabla ya kitu chochote, nilikunywa samli iliyoyeyushwa, na kila siku kipimo kiliongezeka. Mara ya kwanza nilidhani nitaitapika kwenye kanzu yangu ya kulalia. Mchana nilipakwa mafuta ya ufuta yenye joto, kuanzia utosini hadi nyayo, mpaka mito ya kitanda changu ikanuka kama jiko. Siku nzima nilikunywa maji ya moto kidogo kidogo kutoka kwenye termosi, na sharti lilikuwa kwamba hakuna kinywaji kingine chochote kiingie kinywani mwangu.

Akili nayo ilikuwa na masharti yake. Nisisikilize habari za redio. Nisibishane na mtu. Nikae kimya asubuhi, niifuate pumzi yangu inavyoingia na kutoka, na niachilie kinyongo chochote nilichonacho. Siku ya kwanza maman aliniuliza, akiwa ananitazama usoni, "Papa, uko na neno na mutu? Kama iko, unaambia mimi sasa, tujue namna ya kupanga."

Nilimjibu, "Hapana. Mimi niko sawa na watu wote."

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda niliona haya, maana mbele yake nilitaka kuonekana mzee mwenye roho safi.

Ukweli ni huu. Baba yetu alipofariki, tuligawana shamba lake la migomba. Mimi, niliyekuwa nimesoma sekondari na kupata kazi ya ofisi mjini, nilipanda mikaratusi mpakani kwa upande wangu, nipate mbao. Mikaratusi inakunywa maji mengi. Migomba ya kaka yangu ikaanza kukonda. Aliniomba niing'oe, nikampuuza. Aliikata mwenyewe, nikampeleka mbele ya chefu wa kijiji, na kwa maneno yangu ya darasani nikashinda. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Tukikutana kwenye misa ya mazishi ya jamaa, kila mmoja aliketi upande wake. Kisha mwaka huo wa tiba, bila mtu kumwomba, yeye mkubwa ndiye aliyenipigia simu.

"Mudogo yangu," alisema, "tumezeeka. Nimefukia ndizi. Kuja tunywe, ile maneno ya miti tuimalize."

Kwetu ugomvi haumalizwi kwa maneno peke yake. Mwenye nyumba anachukua kibuyu, anavuta kwa mrija yeye wa kwanza mbele ya macho ya mgeni, kisha anampa. Anavuta wa kwanza kwa sababu sisi watu wa huku tunaogopa sumu. Tunaogopa karuho, sumu ya kutiliwa kwenye kinywaji, kuliko tunavyoogopa malaria. Ukitoka kidogo kwenda msalani, ukirudi huigusi tena glasi uliyoiacha mezani. Kwa hiyo kupokea mrija uliotoka kinywani mwa ndugu yako ni kumwambia, mbele ya watu, kwamba unaweza kuuweka uhai wako mikononi mwake. Hilo nimelijua tangu utotoni. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Asubuhi ya safari binti yangu aliniona ninajaza termosi.

"Papa, huko si utakunywa?"

"Nitakunywa maji yangu. Yaya ataelewa," nikasema. Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

"Onja tu kidogo, papa. Ni ndugu yako."

"Nimeshafika mbali," nikamwambia. "Nikionja, samli yote hii niliyoivumilia inaharibika."

Nilikuwa na kiburi, na hilo lazima niliseme. Mimi ni Mkatoliki ambaye kila Kwaresima niliahidi kuacha bia, na kila Kwaresima niliinywa kabla ya Jumapili ya Matawi. Safari hii nilikuwa nimefaulu. Mwili ulikuwa mwepesi, ulimi ulikuwa safi, na nilijipenda. Hata ndani ya taksi, wakati vumbi la barabara ya Kavumu linaingia madirishani, nilikaa nimefumba macho na kufuata pumzi yangu, nikijiambia kwamba ninakwenda kuachilia kinyongo kama nilivyoagizwa.

Kaka yangu alinipokea nje. Alikuwa amevaa koti lake la misa. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama kwa muda, akacheka.

"Umekonda! Binti yako hakupi chakula?"

"Niko kwa matunzo, yaya. Ninatibiwa."

Ndani walikuwepo mke wake na jirani mmoja mzee, aliyeitwa awe shahidi. Kibuyu kilikuwa katikati, povu bado liko juu. Shemeji alinong'ona kwamba mume wake hakukubali mtu mwingine aikamue ile kasiksi. Ndizi zote alizikamua kwa mikono yake, pamoja na ule mgongo wake mbovu. Kaka yangu alisema maneno machache. Alisema baba angekuwa hai angetuchapa wote wawili. Kisha akavuta mrija, akameza, akajifuta midomo na kunisogezea kibuyu.

"Kamata."

Nilitabasamu. "Yaya, unisamehe. Kasiksi siwezi. Niko kwa dawa ya Wahindi, ya kusafisha mwili. Hairuhusu."

Jirani alipasuka kwa kicheko. "Kusafisha tumbo? Ah, muzee! Wahindi ya nini? Kwenu mumekosa lavema?" Alikuwa anasema juu ya ile bomba ya mpira ya kuingiza maji ya dawa kwa nyuma, ambayo karibu kila nyumba ya kwetu inayo. "Leta pilipili kidogo hapa, mimi nitamutibu bure!"

Shemeji aliziba mdomo kwa kitenge, mabega yake yakitikisika. Hata kaka yangu alicheka. Wakati ule bado ningeweza kuokoa kila kitu kwa kuvuta mara moja tu, kwa kulowanisha midomo tu.

Badala yake nilifungua mfuko, nikatoa termosi, nikamimina maji ya moto kwenye kifuniko chake. Niliona nimepata njia nzuri. Nilikiinua na kusema, "Lakini tutakunywa pamoja. Wewe kasiksi, mimi maji yangu. Ni kitu kimoja tu."

Kicheko kilikatika. Jirani alitazama chini. Kaka yangu aliitazama termosi, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesoma jambo asilotaka kulisoma.

"Umekuja na maji yako," alisema. "Kwangu."

"Yaya, ni dawa..."

"Nimekunywa wa kwanza. Umeniona."

"Nimekuona. Sio hivyo unavyofikiri."

"Basi kunywa."

Nilishika kile kifuniko. Nilifikiria samli, nilifikiria maman wa Nguba, nilifikiria kuanza upya. Nikasema, "Yaya, ungoje nimalize matunzo. Nitarudi."

Hakupaza sauti. Alikibeba kibuyu nje, akaenda kumwaga kasiksi yote chini ya mgomba, akarudi mikono mitupu.

"Watu watasikia kwamba mudogo yangu aliogopa nimuue," alisema. "Enda salama."

Nilirudi mjini. Ndani ya gari nilifumba macho tena, lakini pumzi haikufuatika. Hata hivyo sikuacha. Niliendelea na samli, nikapakwa mafuta, nikafika siku ya tiba yenyewe, nikasafishwa. Na ilifaulu. Gesi iliondoka, magoti yakalegea, nikashuka ngazi za Nguba bila kushika ukuta. Ilinichoma kwamba ilifaulu.

Ndipo nilipomweleza maman yaliyotokea Mudaka. Alikaa kwenye kiti.

"Papa, na ile siku nilikuuliza?"

"Nilidanganya."

"Ungekunywa tu. Tungepumzika siku kidogo, tuanze tena. Samli inapatikana kila siku."

Nilimpigia kaka yangu simu mara nyingi. Hakupokea. Nilimtuma binti yangu. Alipewa chakula, akaheshimiwa, akaambiwa baba yake asisumbuke kuja. Nilikuwa ninapanga kwenda mwenyewe, kupiga magoti kama itabidi, lakini kila juma niliogopa mlango ule na kusema juma lijalo. Kisha vita vikasogea, barabara ikafungwa, na wakati imefungwa kaka yangu akaugua presha, akafariki. Nilipata habari alipokuwa ameshazikwa.

Wanawe hawanipokei. Mkubwa wao aliniambia kwa simu, kwa adabu, "Baba mudogo, papa alikufa na ile maneno rohoni."

Kwa hiyo niseme wazi nilichopoteza. Nilimpoteza kaka yangu siku alipokuwa amenirudishia undugu wetu. Alikufa akiamini kwamba mimi, mtoto wa mama yake, nilimhesabu kuwa mtu wa sumu, na hakuna tena mtu wa kumwambia kwamba haikuwa hivyo.