Springi Fupi na Shingo ya Babu Yako

Siku mama yangu alipomkumbatia mume wangu shingoni naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka kichwa kinaniuma. Kaa vizuri nikusimulie. Jana umenionyesha kwenye simu springi fupi unazotaka kulifungia lile gari lako la zamani la milango miwili, nikaona ugonjwa wa babu yako umemruka baba yako ukatua kwako. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sikujua mjukuu mwenyewe atakuja nyumbani kwangu na picha za springi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, hapa Likasi, kazi ya mgodi ilipokuwa inakufa polepole na mshahara umegeuka hadithi. Wageni wengi walikuwa wanaondoka, wanauza vitu vyao haraka haraka. Babu yako, fundi wa karakana, akatoa friji yetu na baiskeli yake, akarudi na gari jekundu la Kiitaliano la mashindano. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nilikuwa nangoja kitanda cha mtoto, yeye ananiletea gari ambalo kiti chake cha nyuma kinamtosha paka.

Na lilikuwa limechoka. Springi zilikuwa zimelala. Amotisere, yale mabomba ya mafuta yanayoituliza springi isirukeruke, ambayo wengine huyaita shokapu, yalikuwa yamekauka kabisa. Ukilibonyeza gari puani liliendelea kucheza lenyewe kama limesikia kwaya.

Pesa ilikuwa kidogo, kwa hiyo ilibidi kuchagua. Rafiki yake wa Kambove alikuwa na gari la kiwanda kilekile, ila la familia, la milango minne, lililogonga mti. Springi zake zilikuwa nzima na zingeingia bila kukatwa. Angezichukua kwa bei ya kirafiki, na kilichobaki kingenunua amotisere mapya. Hata mimi nisiyejua kushika spana niliona hilo. Lakini babu yako alikuwa amebandika ukutani picha ya gari kama lake, imekatwa gazetini, na lile la picha lilikuwa limelala chini karibu liguse lami. Lami yenyewe sisi tulikuwa tunaikumbuka tu.

"Weye haujue," aliniambia. "Wapi uliona motokari ya sport yenye kuinuka sawa bibi mwenye kuinua nguo avuke mayi?"

"Na njia ya kwa mama, ya Mwadingusha?" nikamuuliza. "Yale mashimo, utayapita kwa picha?"

"Utaona, chérie," akanibembeleza. "Itakamata njia muzuri."

Akaenda mtaa wa Kikula, akapata springi za lori dogo, akazikata kwa moto zikawa fupi. Amotisere akayaacha yaleyale ya zamani, kwa sababu hayaonekani na hakuna jirani atakayeyasifu. Gari likashuka kweli, likawa gumu kama benchi la kanisa. Wanaume wa mtaa walikuja kulizunguka, wakainama, wakapiga miluzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mimba.

Sasa sikiliza. Kwetu, mtoto wa kwanza hupokelewa na mama wa binti. Yeye ndiye anayemwogesha, ndiye anayengoja kitovu kianguke akizike. Mama yangu alikuwa anakaa upande wa Mwadingusha, na tumbo langu lilikuwa limeshuka. Tukaenda kumchukua. Mimi nilikwenda na tumbo hilohilo, kwa sababu mkwe wa kiume hawezi kuwa peke yake garini na mama mkwe wake. Hamgusi, hamtazami usoni, hata neno lazima lipite kwa mtu wa katikati. Nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmeshikana mabega. Haya, shauri yenu.

Kwenda tulitikisika tu, nikashika tumbo. Kurudi tukamweka mama nyuma, kwenye kile kiti cha paka, pamoja na furushi lake na kuku. Hatukufika mbali. Gari likaingia shimo la kwanza, likaruka. Springi ngumu zikalitupa juu, na amotisere yaliyokufa hayakuwa na nguvu ya kulishika, kwa hiyo likaruka tena, na tena. Mama hakuwa na pa kujishika. Alirushwa mbele, kilemba kikamtoka, na mikono yake miwili ikaikamata shingo ya mkwe wake kwa nyuma. Shavu lake likagota sikioni mwa babu yako.

Gari likasimama. Kuku akapiga kelele kwa niaba yetu sote. Mama alitaka kushuka palepale, lakini gari la milango miwili, mwanangu, aliye nyuma hashuki mpaka wa mbele ashuke, na wa mbele nilikuwa mimi na tumbo langu. Nilichukua muda kujitoa. Muda wote huo mama alikaa kichwa wazi nyuma ya mkwe wake, amejifunika uso kwa viganja. Nilisikia aibu ambayo mpaka leo sijaipatia jina.

Aliposhuka akajifunga kilemba, akaniambia mimi, sauti ikimfikia mkwe wake:

"Ambia bwana yako miye siingie tena mu hii motokari. Kama anapenda kupendeza, apendeze yeye peke. Miye, heshima yangu njo kitu nilibakia nayo."

Akageuka kurudi kwao kwa miguu na furushi kichwani. Babu yako hakuweza hata kumwomba msamaha, kosa la kugusana halipitii kwa mke. Alisimama ametazama porini. Mimi nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya mama, ilikuwa juu ya babu yako.

Kurekebisha jambo lile kulihitaji shangazi wa babu yako aende na kuku jike na kitenge, aketi na mama, aseme maneno yanayotakiwa. Lakini petroli ilikuwa imeadimika, malori yalikuwa ya kubahatisha, na gari letu zuri hakuna aliyetaka kulipanda. Shangazi akachelewa. Mtoto hakumngoja mtu.

Mama alikuja juu ya lori la magunia ya mahindi, baada ya kuku wa shangazi kupokelewa. Alimkuta baba yako ameshaogeshwa na majirani, kitovu kimeshaanguka na kuzikwa na mikono ya watu wengine. Akamchukua, akamfunua tumbo, akapaangalia pale kilipotoka kitovu, pamekauka.

"Miye njo nilipashwa kumupokea," akasema. Hakulisema tena maisha yake yote, na alinizalisha wengine wote waliofuata.

Babu yako alikwenda Kambove wiki hiyohiyo, akaleta zile springi za gari la baba wa familia. Amotisere mapya akayafunga mawilimawili, kushoto na kulia pamoja. Gari likapanda juu, majirani wakacheka, nasi tukaacha kuumia migongo. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo, jambo linaloniudhi mpaka kesho.

Basi, mwanangu, pesa yako ni kidogo, isikilize. Anza na amotisere, ndiyo yanayolishika gari barabarani. Springi chukua za urefu wa kiwandani, hata kama zimetoka kwenye gari lisilo na sifa, mradi zilingane na uzito wa lako. Usikate kitu kwa moto. Na kabla hujalipa, jiulize nani atakaa kiti cha nyuma na anapelekwa wapi, maana wanaokusifu wamesimama pembeni, wala hawasafiri nawe.

Mungu ailinde mikono yako na safari zako. Akupe mke mwenye kukukemea, na watoto wako wazaliwe wakimkuta mlangoni kila aliyepaswa kuwapokea.