Taa ya Baiskeli Tupu

Askari wa zamu aliniuliza swali moja tu, nami nikaomba nimjibu baada ya mazishi. Alitaka kujua kama taa ya nyuma ya baiskeli ya kaka yangu ilikuwa inawaka wakati anagongwa. Aliniuliza mimi kwa sababu taa hiyo niliichagua mimi, niliinunua mimi, na niliifunga kwa mikono yangu siku mbili kabla. Dereva wa lori alikuwa mahabusu, na tangu alipokamatwa alikuwa akirudia maneno yaleyale: hakuona taa yoyote. Jibu langu lingemfanya awe mwongo au mkweli.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda kimoja Zegereni, Kibaha. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimeyasoma kwenye vitabu vya mitumba, kwenye karatasi za maelekezo ya mashine na kwenye maboksi, maana kazini kwangu maboksi hayaishi. Kaka aliniita Profesa wa Maboksi. Alikuwa na haki ya kunitania. Wazazi wetu walifariki nikiwa mdogo, na ni yeye aliyenilea kule Kisarawe kwa kazi ya baiskeli. Alinunua mihogo mashambani, akaipakia kwenye keria, na alfajiri akateremka nayo kupitia Pugu hadi Gongo la Mboto kwa wanaokaanga mihogo ya kuuza. Jioni alirudi na mkate umening'inia kwenye usukani. Aliifanya kazi hiyo nikiwa mtoto, na alikuwa bado anaifanya mimi nikiwa na mvi.

Wasiwasi wangu ulianzia getini kwetu kiwandani. Zamu ya alfajiri inapoingia, malori hupishana na wafanyakazi wa baiskeli ndani ya vumbi, na mimi dirishani kwa stoo nilizoea kuhesabu wenye taa na wasio nayo. Asubuhi moja niligundua kwamba ninayemhesabu hayupo pale. Nilikuwa namhesabu kaka. Mtu wa umri wa kuitwa babu anateremka mlima wa Pugu gizani, na nyuma yake hana hata kipande cha plastiki cha kuakisi mwanga. Kile kilichokuwa kwenye madigadi kilivunjika zamani na hakuna aliyekumbuka lini.

Nilitumia mwezi mzima kuchagua taa. Nilianza na dainamo, kwa sababu haihitaji betri wala kumbukumbu ya mtu. Lakini kaka akirudi hupanda ule mlima kwa miguu, akisukuma. Gurudumu likienda polepole dainamo hulala, na taa huzimika palepale ambapo mtu anakwenda taratibu pembeni mwa magari. Nikaiacha. Nikaangalia taa za kuchaji. Nyumbani kwa kaka umeme upo, ila chaja ni moja na simu ni tatu, na taa ingekuwa ya nne kwenye foleni. Nayo nikaiacha. Nikaamua taa ya betri ndogo mbili, zile zinazopatikana kwenye duka lolote linalouza chumvi na kiberiti. Nyekundu, maana wapo wanaofunga tochi nyeupe nyuma, na dereva akiona mwanga mweupe mbele yake anadhani chombo kinamjia. Ya kuwaka na kuzima, maana boksi lilisema ikitumika hivyo betri hudumu mara tatu zaidi.

Nilinunua za aina tatu nikazilinganisha. Nilizizamisha kwenye ndoo ya maji usiku kucha, moja ikafa. Mbili zilizobaki nilizifunga kwenye baiskeli ya jirani nikapita nazo kwenye makorongo ya Zegereni hadi skrubu za moja zikalegea. Ikabaki moja. Nilijiona nimefikiri vya kutosha. Nilimwazia kaka akiwa kwenye mvua, akiwa amechoka, akiwa na usingizi, akiwa amesahau kununua betri. Nilimwazia anarudi nyumbani jioni, na mimi namwona kwa mbali.

Jumapili nikaenda Kisarawe. Kaka alikuwa ametoka kanisani, ameketi barazani, amevua viatu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Profesa. Leo umesoma boksi la nini?"

Nikamwonyesha. Akaigeuza, akabonyeza, ikaanza kuwaka na kuzima kwenye kiganja chake.

"We dogo, unataka kunifunga taa nyekundu matakoni kama gari la zimamoto?"

"Mwache akufunge," mkewe alisema kutoka jikoni. "Shemeji, na honi je? Mfungie na honi, akianza kukoroma niibonyeze."

"Honi ninayo," kaka akajibu. "Nimeioa."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imeoshwa, keria tupu. Niliifunga taa kwenye nguzo ya siti, chini kidogo ya siti yenyewe, ikitazama nyuma, mahali ambapo matope hayaifikii wala mguu haugongi. Jua lilipozama nilimwomba shemeji aishike baiskeli pembeni ya barabara, nami nikarudi nyuma nikihesabu hatua. Hamsini, naiona. Mia, naiona. Mia mbili, naiona.

"Shemeji, bado?" alipaza sauti. "Wali unaungua huku!"

"Bado kidogo! Igeuze kidogo kushoto!"

"Profesa, ukifika Maneromango tupigie simu!" kaka alipiga kelele kutoka barazani, na majirani wakacheka.

Nilipoaga, nilimtaka aniahidi ataiwasha kila alfajiri. Alisema ataiwasha, si kwa sababu anaiogopa barabara, bali kwa sababu nikimjia tena na ndoo na daftari atahama mji. Shemeji alinifuata hadi njiani na kuniambia Jumapili ijayo nije mapema, nisivae nguo nzuri, kuna paa la jiko la kuezeka upya. Hatukuagana zaidi ya hapo. Hatukuwa na mazoea ya kuagana.

Jumatatu kaka alikusanya mihogo mashambani. Jumanne alfajiri akaondoka. Simu ilinikuta stoo.

Nilipofika mahali penyewe, kwenye mteremko kabla ya kufika Pugu, mwili ulikuwa umeshachukuliwa. Watu walikuwa wamevunja matawi ya miti na kuyalaza barabarani kwa mstari mrefu, kama wanavyofanya gari linapoharibika, ili wanaokuja wapunguze mwendo. Yalikuwa matawi mabichi, na magari yaliyapita taratibu sana.

Jumatano nilikwenda kituo cha polisi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa nyuma ya ofisi pamoja na pikipiki za kesi nyingine. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjwa. Gunia lilikuwa bado juu ya keria, limepasuka upande mmoja na mihogo mingi imemwagika, lakini upande uliobaki ulikuwa umefungwa vizuri kwa mipira ya tairi za ndani, vifundo vya kaka. Lilikuwa gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita mdomo wake na kushonewa kamba juu. Lilikuwa limelazwa kwa upana, na mgongo wake ulikuwa umegandamana na nguzo ya siti.

"Njoo uone, mzee," askari alisema. Alikuwa kijana mwenye adabu. Aliingiza mkono, akalisukuma gunia nyuma. "Taa inawaka tangu jana alfajiri mpaka sasa. Hii ni taa kweli. Halafu mtu anatuambia hakuona taa!"

Aliyasema hayo huku mkono wake ukiwa bado umelizuia gunia. Mimi niliutazama mkono, si taa. Kisha akauondoa. Gunia likarudi mahali pake, na taa haikuwepo tena.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lake.

Usiku ule wa msiba nilijaribu kuelewa ilikuwaje mtu kama mimi, niliyekumbuka ndoo ya maji, nisikumbuke gunia. Jibu lilikuja taratibu na halikunifariji. Nilipokuwa mtoto, kaka aliondoka nikiwa nimelala. Hakuwahi kuniamsha. Nilichokiona miaka yote ni baiskeli inayorudi jioni, keria tupu, mkate kwenye usukani. Nilipohamia Kibaha nilikuwa nakuja Jumapili, siku ambayo habebi kitu. Kazi iliyonilisha na kunisomesha sikuwahi kuiona kwa macho yangu ikitoka nyumbani. Nilimfungia taa mtu anayerudi, naye aligongwa akienda.

Na yeye alitimiza ahadi yake. Aliiwasha, akapakia gunia gizani, akaondoka. Hakuwa na sababu ya kuzunguka nyuma kukagua. Aliamini nimeshakagua mimi.

Alhamisi tulizika. Jioni shemeji aliniita ndani, akanitazama kwa macho yaliyovimba.

"Wanasema yule dereva amekana."

"Ndiyo."

"Anasema mume wangu alikuwa anakwenda gizani kama mlevi. Bila taa." Akanishika mkono. "Shemeji, wewe ndiye uliyeifunga. Mimi ndiye niliyeishika baiskeli. Nenda kawaambie ilikuwa inawaka."

"Nitakwenda."

"Kawaambie ulihesabu hatua."

Ilikuwa kweli nilihesabu hatua.

Ijumaa magharibi nilikuwa kituoni. Nilikuja na betri mpya, ili jibu lisije likawa la betri, pamoja na mihogo ndani ya mfuko, ya kujazia ile iliyomwagika. Nilimwomba askari ruhusa ya kufanya jaribio. Alisita, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi na tochi na karatasi. Tulilijaza gunia pale lilipopasuka, tukalivuta hadi mipira ikakaa kwenye alama zake. Nikabadilisha betri. Nikawasha taa. Kisha nikaenda nyuma ya baiskeli.

Safari hii sikuhitaji kwenda mbali. Hatua ishirini, sioni kitu. Kumi, sioni. Hatua tano kulikuwa na gunia tu, jeusi kuliko ukuta uliokuwa nyuma yake. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikaweka shavu karibu na madigadi, ndipo nilipoona wekundu kidogo chini ya keria, ukija na kuondoka.

"Na wewe tazama," nilimwambia askari.

Alitazama akiwa amesimama. Akatazama akiwa amechuchumaa. Akazima tochi yake, akatazama tena.

"Mzee," alisema, "sheria inataka chombo kiwe na taa. Hiki kina taa."

"Uliniuliza kama ilikuwa inawaka. Andika ilikuwa inawaka. Halafu andika haikuonekana kwa mtu aliye nyuma, kwa sababu mzigo uliifunika. Na andika aliyeichagulia sehemu ni mimi."

"Unajua hayo yatamsaidia nani?"

"Najua."

"Dereva angekuwa na mwendo wa taratibu angemwona hata bila taa."

"Hilo ni la kwenu kupima. Mimi nimepima la kwangu."

Aliandika. Nikasoma mstari kwa mstari, nikasahihisha neno moja, nikaweka sahihi na dole gumba. Tulipokuwa tunatoka, mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi na chakula cha mahabusu alisimama kunipisha. Sikumuuliza ni mama wa nani.

Nilimweleza shemeji mwenyewe usiku uleule, kabla hajasikia kwa mwingine. Nilieleza yote, pamoja na magoti kwenye mchanga. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo anasema kweli," alisema.

"Kuhusu taa, anasema kweli."

"Na wewe ukaenda kumsaidia kuisema."

Alinyanyuka, akaenda kukaa na wanawake wengine.

Dereva alipewa dhamana wiki iliyofuata. Kesi yake inaendelea, na kuhusu mwendo wake bado kuna maswali. Watu wa ukoo hawakunigombeza. Mmoja alisema tu kwamba kusoma kwingi kuna hasara yake. Kazini nimeanza kuwaambia wenye baiskeli wafunge taa chini kabisa kwenye ncha ya madigadi ya nyuma, na wapakie mzigo kwanza, kisha wazunguke nyuma watazame wenyewe. Wengine wananisikiliza. Sikuwaambia nimejuaje.

Siku ya arobaini nilikwenda Kisarawe mapema, na nguo za kazi ndani ya mfuko. Niliwekewa kiti cha plastiki kwenye kivuli pamoja na wageni waliotoka mjini. Nililetewa maji ya kunawa, kisha sahani yangu peke yangu, na soda. Katika nyumba ile sijawahi kuletewa soda. Sikuzote nilijipakulia jikoni, nikigombezwa kwa kumaliza ukoko.

Jioni shemeji alinisindikiza hadi barabarani, polepole, mikono ameifunga kifuani kwa kanga.

"Ahsante kwa kuja," alisema. "Karibu tena."

Nikaitika. Nilipogeuka kuitazama nyumba, niliona mabati ya jiko yanang'aa. Paa lilikuwa limeshaezekwa.