Shemeji Kwenye Msumeno

Mtaani walimwita Afande, ingawa riziki yake ilikuwa useremala. Uaskari wake ulikuwa wa akiba: wikiendi moja kila mwezi aliacha randa, akavaa gwanda, akaenda kambini kupiga kwata.

Mwaka ule walikuja askari wa akiba wa nchi jirani kwa mazoezi ya pamoja. Kwenye kwata wageni walikuwa kichekesho, mguu huu huku, ule kule. Lakini kwenye kuhudumia majeruhi walikuwa moto wa kuotea mbali. Mmoja wao, mama ambaye kwao ni dereva wa basi, alimfunga Afande mkanda mkononi, akaukaza kwa kijiti kuonyesha jinsi ya kuzuia damu.

"Ukishakaza, usilegeze. Mwachie daktari."

"Mama, sisi ni wanajeshi, si manesi."

Wenzake wakavunjika mbavu. Somo lililobaki Afande alilimaliza akisinzia.

Haukupita muda, shemeji yake, mdogo wa mkewe aliyefanya naye kazi karakanani, akateleza. Msumeno wa umeme ukamchana mkono, damu ikarukia mbao. Afande akavua mkanda wa suruali, akafunga, akakaza. Damu ikakata. Kisha akaona vidole vinabadilika rangi, akaingiwa na huruma, akalegeza kidogo. Damu ikafoka upya. Walifika hospitali shemeji akihema kwa mbali.

Alinusurika, baada ya kuongezewa damu chupa kwa chupa. Nyumbani Afande akawa shujaa.

"Baba, bila mafunzo yako ningekuwa nazika," mama mkwe alimwambia, amemshika mikono yote miwili.

"Ni wajibu, mama," akajikuta anajibu.

Kesho yake akaenda wodini peke yake, akamweleza shemeji kila kitu.

"Kwa hiyo uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Ukasinzia."

"Nikasinzia."

Shemeji akashusha sauti. "Dada usimwambie. Na mama ameshatangaza mtaa mzima, utamuua kwa aibu."

Afande alitamani atukanwe. Badala yake akasogezewa kiti.

Wikiendi ya kambi iliyofuata Afande aliomba somo lile lirudiwe, sajini wao akakubali. Safari hii alikaa mstari wa mbele. Shemeji naye alirudi kazini, ila akaomba abaki upande wa kupaka vanishi. Mke wa Afande akauliza kulikoni, mbona mdogo wake mashine anaiogopa hata imezimwa?

"Atazoea," Afande akasema, akainama kuokota vipande vya mbao.